Saba kwa Saba

Kila dakika kumi, kutoka ziwa la barafu juu ya Naryn,
waya hutuma kina cha maji,
na mkiani tarakimu moja
isiyosema lolote kuhusu maji.

"Huyo ndiye shahidi," Burulsun alinifundisha,
glavu kaishika kwa meno, bisibisi mkononi.
"Mashine kule juu hujumlisha tarakimu zake,
jumla ikizidi tisa hutupa makumi.
Wewe huku chini jumlisha upya.
Msipolingana, usiipokee,
hata ikikwambia ulichotaka kusikia."

Nikawa kama mtoto aliyetumwa dukani:
vitu vitano, vidole vitano.
Akifika mlangoni kidole kimoja hakina kitu
anajua amesahau,
hajui kama ni chumvi au kiberiti.
Basi anarudi.
Radi ilipopiga nguzo, nane ikawa tisa, jumla ikagoma.
Niliandika "mbovu" daftarini
nikaomba ujumbe urudiwe.
Mwaka mzima nililala vizuri.

Usiku wa Juni kumi na tisa ikaja 43,
na mkiani saba.
Nne na tatu, saba.
Nikatia samadi kavu jikoni, nikavuta blanketi.

Ziwa lilikuwa 52.

Tano ilipoteza moja njiani,
mbili ikaiokota,
makosa mawili yakashikana mikono
yakapita mbele ya shahidi kama maharusi,
naye akayapigia makofi.

Alfajiri mto ulibeba daraja la miguu
na mizinga kumi na mmoja ya Kubat.
Hakufa mtu. Ndivyo ripoti inavyosema.
Kubat alisimama ukingoni
akihesabu kwa kidole mahali ilipokuwa mizinga,
na kila alipoanza upya
alifika kumi na moja.

Burulsun alipanda na farasi wa kuazima.
Hakunilaumu; afadhali angenilaumu.
Alichora kwenye vumbi la dirisha:
"Jumla haijui foleni.
Haijui nani kasimama wapi.
Wa kwanza mhesabu mara moja, wa pili mara mbili."
Tano na nne, tisa.
Nne na sita, kumi: sifuri mkiani.
Tisa na sifuri hazijuani hata kwa salamu.

"Kwa hiyo hii ingeinasa?"
"Hii, ndiyo."
"Na nyingine?"
Alikaza skrubu ya mwisho ya kisanduku,
akaijaribu kwa ukucha.
"Ipo itakayopita. Zitakuwa chache zaidi."

Siku hizi zikilingana napokea,
nagonga muhuri, naandika saa.
Kisha navaa buti, nachukua tochi,
nateremka hadi kwenye kijiti alichokichomeka Kubat mtoni,
chenye alama za kisu, zisizo na namba,
naangalia maji yamefika alama ipi.
Mara nyingine namkuta yeye ametangulia.
Hatusemi kitu.
Anaangalia, naangalia.