Nani Yuko Karibu?

Mgodi wa Silesia ulifungwa mwaka ule wa theluji nyingi.
Leo Jagna ameshusha roboti wanne kwa lifti ya kutu,
kila mmoja kimo cha kreti ya bia.
Hakuwapa majina. Amewapaka rangi ya kucha:
mwekundu, zambarau, kijani,
na kwa wa nne kichupa kikamwishia,
akabaki kijivu.

Kule chini hakuna nyapara.
Kila mmoja ana ramani yake, kipande cha mkate ulioumwa,
na wakikutana njia panda wanamegeana:
huku nimepita, usirudie;
huku kuna maji, yafika gotini;
huku sikuona, jicho langu lina tope, niazime lako.
Haba na haba,
ila kibaba hakina mwenyewe.

Kazi ikizuka, tuseme mlango wa chuma wa kusukuma,
inatupwa hewani kama bei mnadani:
nani yuko karibu?
nani ana chaji ya kwenda na kurudi?
Zambarau yuko hatua kumi tu, lakini betri inakata roho.
Anasema hivyo hivyo, bila haya.
Kijani anakwenda. Mwekundu anamfuata, maana mlango ni mzito.

"Sisi tungedanganya," anasema Alojzy, mchimbaji mstaafu,
aliyekuja na chupa ya chai kuchungulia skrini.
"Miaka ishirini na sita nilimwambia msimamizi sijachoka."

Redio haipenyi mwamba.
Lazima mmoja asimame konani, awe sikio la wenzake,
kazi isiyo na picha ya kuleta nyumbani.
Kijivu ndiye aliyesimama.

Saa nane na dakika tatu usiku:
*Ufa juu. Msipite.*
Akamwambia kijani, kijani akamwambia mwekundu,
neno likapanda ngazi kwa ngazi
hadi kwenye chai ya Alojzy.
Kisha ile kona ikanyamaza.

Watatu wakajipanga upya. Ramani ikaendelea kujichora
ikizunguka doa moja jeupe.
Ila kila nusu dakika, kwa kuwa ndivyo walivyoandikiwa,
wanauliza: nani yuko karibu?
na wanaacha nafasi ya majibu manne.

Kidole cha Jagna kiko juu ya kitufe cha kufuta.
Alojzy ameinuka na kijiko chake,
amegonga bomba kuukuu la ukutani, mara tatu,
kama walivyogongeana zamani.

"Hana sikio la bomba," Jagna anasema.

"Najua."

Anagonga tena.