Makumi Tano

Nilikuwa natafuta hati ya kiwanja cha marehemu baba.
Mtunza nyaraka akanipa jalada lisilo langu,
karatasi zilizotafunwa pembe na mende,
na humo, agizo la mwaka wa ishirini na tisa,
limepigwa chapa kwa mashine yenye herufi moja mbovu:
kila mfanyakazi, kabla ya kupokea posho,
atakabidhi nzi hamsini.

Nilicheka.
Mtunza nyaraka akanitazama
kama mtu aliyecheka matangani.

Katuba, jioni, umeme umekwenda.
Nkambo Musenga anachambua matembele
kwa mwanga wa simu yangu.
"Si hamsini," anasema, "hiyo ni ya redio.
Kwetu ni makumi tano."
Mwaka ule hakuwa amezaliwa.
Habari aliirithi kwa dada yake Chola
kama wengine wanavyorithi sufuria:
nyeusi chini, na bado inapika.

Chola alijifunza hesabu kwa nzi.
Kumi juu ya jani, kumi tena, kumi.
Baba yuko zamu kwenye tanuru, mikono yake inajua shaba,
haijui kushika kitu chepesi hivyo.
Alfajiri karani anageuza maiti kwa njiti ya kiberiti.
"Huyu hana kichwa."
"Lakini alikuwa nzi, bwana."
"Hana kichwa, hahesabiki."
Makumi ine na tisa.
Kibaba cha unga kikarudi guniani.

Basi watu wakatumia akili.
Mke wa Mwepu alificha kichwa cha samaki
nyuma ya nyumba, chini ya debe lililotobolewa,
akakikinga na jua, akakinyunyizia maji,
akavuna.
Nzi kumi kwa kikombe cha unga.
Nzi watano kwa chumvi ya kidole.
Nzi wa mkopo, nzi wa riba,
na bibi arusi mmoja, Chola aliapa kwa kaburi la mama,
katika mahari yake, chini ya vitenge na jembe,
mlikuwa na chupa iliyojaa, inameremeta kijani.

Ripoti ikapanda meli: wameuawa malaki.
Haikuuliza wangapi walifugwa.

Na kati ya mji wao na wa kwetu
waliacha uwanja mtupu. Upana wake, walisema,
ni pale mbu anapochoka kuruka.
Nimepita hapo leo nikirudi:
gereji, kanisa, kijana anauza matairi,
na mbu, ambaye hakuwahi kuonyeshwa ile ramani.

"Na weye," anasema Nkambo bila kuinua uso,
"kule depo, unahesabu nini?"

Mimi.
Njia ya Likasi, kibanda cha bati, mizani,
na kile kimashine kama bastola ya mtoto
ninachokigusisha kwenye gunia.
Kinaandika tatu nukta nane.
Mimi natamka mbili.
Jana alikuja mmoja, anaitwa Kapya,
vumbi mpaka kwenye kope, magunia sita, usiku mzima chini ya ardhi.
"Lakini ni madini, shefu."
Nikamwambia: "Yana maji. Maji hayahesabiki."
Nilidhani maneno yale ni yangu.
Alisimama kidogo, akapiga mahesabu kwa vidole,
akatia sahihi kwa kidole kilekile.

Simjibu Nkambo. Naye haulizi mara ya pili;
anavunja mashina, tak, tak,
majani huku, mashina kule.
Nzi anatua kwenye ukingo wa sahani.
Nainua mkono.

"Umuache," anasema. "Huyu hajaagizwa na mtu."

Simu inaishiwa moto.
Tunakaa gizani, sisi watatu.