Fulana Mbili za Hermínio

Baba, mwezi wa Aprili nilizika fulana zako mbili,
zile nyeupe za pamba, za Jumapili, za kuvaa chini ya shati.
Usinicheke. Bwana wa maabara kule Beja alisema
udongo ulio hai una meno:
upe pamba, upe siku sitini, kisha ufukue.

Moja niliizika kwenye shamba la chini
ambalo Baltazar bado analipindua kila vuli
kwa plau yako ileile, kwa mistari yako ileile,
iliyonyooka kama mtu anayekula kiapo.
Nyingine niliizika huku juu, kwenye mialoni ya vizibo,
karibu na ule wenye tarakimu tisa mgongoni,
katika ekari ulizoziita aibu yangu.

Nakumbuka. Majira yote yale ya baridi hukunisemesha.
Ulipita na mbwa, ukatazama klova na shayiri-mwitu
zimejiachia kama nywele za mtu aliyetoka kuamka,
ukatema mate pembeni, si kwa dharau,
kwa uchungu wa fundi anayeona kazi imeachwa njiani.
Kwako shamba safi lilikuwa shamba lililo uchi.
Babu alikufunza hivyo, enzi za kampeni ya ngano,
walipolima mpaka vilimani, mpaka mlangoni pa kanisa,
na mvua ya Novemba ikakichukua chote,
ikakipeleka mtoni, chekundu,
nao wakasema: mvua ya mwaka huu ina rangi.

Siku ya sitini nilianza na la chini.
Jembe liligonga, likarudi. Likagonga, likarudi.
Nikaitoa fulana yako, nzima.
Ina madoa, ndiyo, ina harufu ya chuma,
lakini ningeifua, ningeianika, ungeivaa.
Nikakaa nayo magotini
kama mtu aliyerudishiwa barua yake haijafunguliwa.

Miaka hamsini na miwili uliupa udongo ule jasho lako,
nao haukuwa na nguvu ya kula hata nguo yenye jasho hilo.

Huku juu jembe lilizama lenyewe.
Nilikuta minyoo, na mizizi myeupe, myembamba kama kope,
na ile harufu ya pishi baada ya mvua.
Fulana, hakuna.
Ulibaki mshono tu, ule uzi wa nailoni
ambao mama aliurudia kwa cherehani pamba ilipofumuka:
mviringo wa shingo, matundu mawili ya mikono,
ramani ya mwanamume, na mwanamume hayumo.

Hapo ndipo nilipolia, baba. Si makaburini,
maana kule wamekuweka kwenye droo ya saruji,
namba mia moja na nne,
na hakuna mdudu atakayekufikia.

Maabara wameniandikia. Kaboni iliyomo udongoni
imepanda kutoka sifuri nukta nane hadi moja nukta moja.
Miaka sita! Nimeisoma mara tatu jikoni.
Haba na haba, na kibaba hata kitako hakijafunikwa.
Mbingu haijui kama nimeipunguzia mzigo;
Julai ilifika nyuzi arobaini na tatu, kama Julai iliyopita.
Lakini kilichokuwa moshi mahali fulani,
wa gari la mtu nisiyemjua,
kilishuka kwa njia ya jani, kikapita mzizini,
sasa ni weusi chini ya kucha zangu,
na sijanawa.

Jioni ile ya kufukua, Baltazar alipita,
akaiona fulana nzima kwenye kamba
na kando yake mshono unaning'inia kama swali.
Hakuuliza. Alifunga geti, akawasha trekta.

Septemba nimekuta mfuko mtupu mlangoni,
mfuko wa mbegu, umekunjwa vizuri mara nne.
Unamjua Baltazar, hajawahi kujua kuomba.
Nikaujaza klova mpaka shingoni.