Keki Isiyojua Moto

Tangu jana mtindi unaning'inia bombani
ndani ya kipande cha kanga kilichochakaa,
kilichobakiwa na nusu ya jina lake: *...si mwenzio.*
Unadondosha tone, unafikiri, unadondosha tena.
Jibini ya dukani kule Masaki niliiona bei,
nikairudisha rafuni kwa adabu zote
kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Biskuti pakiti mbili nimezivingirisha kwa chupa ya soda.
Siagi sikuibandika popote:
niliiweka dirishani saa saba mchana, mwezi wa pili,
na Buguruni yenyewe ikaiyeyusha.

Mama yuko kwenye kigoda, ananitazama.
"Jiko utawasha saa ngapi?"
"Siwashi, mama."
"Oveni ya Mama Gaudensia?"
"Wala."
Akanyamaza kama mtu anayehesabu hasara ya mwingine.

Miaka thelathini na moja amechoma maandazi
pale kona ya Kwa Mnyamani.
Mafuta yamemwandika mkono wa kulia
vidoa vya mviringo, vinavyong'aa,
nilivyokuwa nikivihesabu utotoni ili nipate usingizi,
nisifike mwisho.
Ada yangu ya kidato cha kwanza iko pale, karibu na kiwiko.

Siku aliyozaliwa haijui mtu.
Kitambulisho kinasema Julai mosi,
kwa kuwa karani alichoka kuuliza.
Basi nimemchagulia leo. Jumanne.

Machungwa ya Muheza, ganda kijani, ndani jua;
malimau matatu, na ndimu moja ya ubishi.
Nakwangua ganda polepole nisifike kwenye weupe,
maana uchungu umejenga pale pale,
chini kidogo tu ya harufu nzuri.

Tabaka la biskuti nalishindilia kwa kitako cha glasi.
Juu yake mtindi uliokauka, maziwa ya kopo, maji ya limau:
vikikutana vinajikaza vyenyewe,
hakuna aliyevilazimisha.
La mwisho ni juisi ya chungwa na jelatini,
nalimiminia mgongo wa kijiko lisitoboe la chini.
(Jelatini ilidai maji ya moto.
Nilichukua ya chupa ya chai, ya tangu asubuhi.
Moto huo hauhesabiki.)

Saa kumi na mbili luku ikaanza kulia.
Friji ikakohoa, ikazima.
Nikapita uchochoroni na bakuli la kioo mikononi,
Shomari mbele yangu akifukuza kuku na maswali ya watu,
hadi kwenye friza ya Mama Gaudensia.
Akasogeza barafu za ukwaju, akasogeza vibua wawili,
akanitengea nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

Saa nne usiku nikakata.
Kipande cha kwanza kiliegemea upande,
kikatafakari, kikasimama.
Mama alikula tabaka moja moja, kama anayekagua daftari la deni.
Limau likamfumba jicho la kushoto.
"Tamu. Ila baridi inauma jino."
Kisha, kwa mbali sana, akanusa: "Na kibua."
Akaongeza kipande.
"Hiki ungeuza shilingi ngapi?"
"Siuzi, mama. Ni chako."
Akalamba kijiko, pande zote mbili.
"Buku mbili. Mtu atatoa."

Nililala nikidhani nimempumzisha.
Saa kumi alfajiri nikasikia kiberiti.
Maji ya mtindi yaliyojaa bakulini chini ya bomba,
ambayo mimi ningeyamwaga,
alikwishayakandia unga.

Wateja wa siku ile walitafuna, wakasita, wakauliza:
"Bi Siwema, leo umeweka nini?"
Naye akayageuza maandazi kwenye karai bila kuinua uso:
"Keki ya binti yangu.
Imekuja kuota moto."