Shubiri Yangu

Barua kaileta sheha mwenyewe, mkononi,
akanibishia hodi kama mleta tanzia.
"Mize, wewe ndiye mwenye ufunguo."
Ufunguo ninao. Mlango ulishaliwa na mchwa
mwaka ule mama alipokwenda Tanga kutibiwa macho.

Ina muhuri wa Baraza la Mji, Wete.
Inasema jengo la Utaani, mkabala na duka la simenti,
limekuwa kero kwa umma.
Inasema siku kumi na nne:
kufyeka, kuziba nyufa, kutoa popo,
kupaka chokaa ukuta wa njiani,
au faini, na faini ikilala, mahakama.
Haisemi kwa pesa za nani.

Siwalaumu. Bi Time, jirani wa ukuta,
kila alfajiri huopoa mavi ya popo kwenye pipa lake la maji,
na Ijumaa iliyopita bonge la udongo lilimkosa mjukuu wake
kwa upana wa kandambili.
Kero ni kero. Hata mimi nikipita usiku
huhamia upande wa pili wa njia.

Lakini nyumba ni ya babu,
na babu kaacha mke na watoto wanne,
na watoto nao wakafa, mmoja mmoja, bila haraka,
kila mmoja akiacha wake.
Mama alipata thumni.
Sisi wa mama, wanaume wawili, wanawake wawili:
mimi nina sudusi ya thumni.
Kadhi aliiandika vizuri, kwa wino wa buluu,
moja katika arubaini na nane.
Wenzangu wako Maskati, Mombasa, Unguja,
mmoja hatujui kama yu hai.
Nikawapigia. Kila simu ilikatika
nilipofika kwenye neno chokaa.

Basi nikamwita fundi Ngwali na utepe wake.
Ukuta wa njiani, futi thelathini na sita.
Akapiga hesabu kwa mkaa juu ya mfuko wa simenti,
akacheka, akapiga tena.
Inchi tisa.
Nikanyoosha kiganja ukutani,
gumba hadi kidole cha mwisho.
Shubiri. Ikaenea.

Nikanunua chokaa ya tanuri, si ile ya pakti,
nikailoweka siku tatu, nikatia chumvi kama mama.
Ngazi ya kuazima.
Nikapaka shubiri yangu toka msingini hadi chini ya bati,
nikaziba ufa pale ulipopita kwangu,
nikakata mizizi ya mtini pale ilipoingia kwangu;
ilitoka fungu la kaka Nasoro
ikaendelea fungu la marehemu Riziki.
Mti haukusoma faraidhi.

Siku ya kumi na nne akaja bwana afya,
akiruka majamvi ya karafuu, daftari kwapani.
Akasimama. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa.
Ukuta mweusi kwa ukungu, na katikati yake
mstari mweupe umesimama kama alifu.
"Hii nini?"
"Haki yangu."
Fomu yake ina visanduku viwili,
ametekeleza, hajatekeleza.
Kalamu ikazungukazunguka juu yao, haikutua.
Akaomba maji. Bi Time akamletea kikombe.
"Kunywa," akasema, "nimeyachuja."

Magharibi simu ikalia.
Nasoro, toka Maskati, sauti safi kama yuko barazani:
"Nasikia unapaka nyumba. Nani kakupa ruhusa?
Unataka kuikalia?"
Miaka kumi na tisa inaanguka,
hakuuliza nani kairuhusu.

Chokaa imebaki, nusu ndoo.
Nikaifunika gunia bichi, nikaiweka uani kwa Bi Time.
Asubuhi nimekuta alama za vidole vitano,
vidogo, vyeupe,
upande wa Nasoro.
Nikaacha barua, nikaacha simu,
nikaenda mbio kumwosha mtoto mikono.
Chokaa huunguza.