Shibiri Tatu, Nyanda Saba

Julai, Donholm. Baridi ya kuuma masikio.
Nafungua pazia saa kumi na mbili na nusu
nalikuta gari limepiga goti moja,
la nyuma, la kushoto,
kama ngamia aliyeanza kuketi akaghairi.

Lina miaka kumi na tisa.
Nililinunua kwa kiinua mgongo changu.
Jina la kejeli hilo: mgongo wenyewe ni huu wa chuma,
na hauinuki.

Nikiliwasha, kompresa inanguruma chini ya sakafu,
inanguruma mpaka chai ichemke jikoni,
taa ya manjano inakodoa kwenye dashibodi,
ndipo kiuno kinapanda, shingo upande,
kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.

Nzioki wa Barabara ya Kirinyaga alisema: kompresa.
Nikatoa elfu sitini na tano.
Wiki mbili, goti lile lile.
Akasema: relei. Nikanunua relei.
Akasema: sensa.
Akasema, akifuta mikono kwa gazeti la juzi,
"Mwalimu, tung'oe hii mipira ya hewa,
tuweke springi za kawaida, ulale."

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja.
Aliyekisia jibu bila kuonyesha njia
nilimpa sifuri.
Nzioki nilimpa pesa.

Ekidor, bawabu wetu wa usiku, hakuulizwa na mtu.
Kijana wa miaka ishirini na mitatu, kofia ya sufi,
redio ndogo isiyoshika ila stesheni moja.
Alfajiri hiyo alinifungulia kitabu cha wageni.
Katikati ya muuza gesi
na shemeji wa nyumba namba tisa, aliyetoka akiwa amelewa,
palikuwa na mwandiko wake wa kuinama:

Jina la mgeni: Gari la Mwalimu.
Saa nne usiku: shibiri tatu, nyanda saba.
Saa saba: shibiri tatu, nyanda nne.
Saa kumi: tatu na mbili.
Alfajiri: shibiri tatu kavu.
Sababu ya kuja: kushuka.

Alikuwa amepima pembe zote nne, usiku wa nne mfululizo,
kiganja chini, kiganja juu, hadi ukingo wa bodi.
Zile tatu hazikusogea hata wanda moja.
"Kwani unanunua pampu mpya," akaniuliza,
"na ndoo ndiyo imetoboka?"

Nilinyamaza. Nilijua ukimya huo,
nimeusikia darasani, ila kutoka upande wa pili.

Jumamosi tukaazima stendi mbili kwa jirani,
maana gari la hewa halina haya, laweza kukulalia.
Sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu,
chupa ya kunyunyizia nywele ya binti yangu.
Nikalala juu ya katoni la friji, tochi mdomoni.
Nikanyunyizia mrija. Kimya.
Nikanyunyizia maungio. Kimya.
Nikanyunyizia mpira wenyewe ukiwa umejaa. Kimya tena,
nikaanza kumtetea Nzioki moyoni.

"Shusha kidogo," Ekidor akasema. "Mpaka nyanda tano."

Na pale mpira unapojikunja,
kwenye kunyanzi ambalo huonekani ukisimama wima,
vikatoka vipovu, vidogo, macho ya dagaa,
kimoja, vitano, halafu utitiri,
vikicheka bila sauti.

Basi ile kompresa ya kwanza haikuwa mgonjwa.
Ilikesha ikilipa deni la mwingine
hadi ikaungua.
Iko bado stoo, nyuma ya jiko la makaa.
Juzi niliipangusa vumbi. Sijui kwa nini.

Mpira mpya ulinigharimu elfu kumi na nane.
Gari sasa linaamka limesimama,
ingawa mbele kulia, kitabu kinasema,
jana palipungua wanda moja.

Nimemnunulia Ekidor futi ya chuma, ya fundi, yenye kufuli.
Ameitazama, amenirudishia.
"Hii," akasema, akitandaza kiganja kwenye taa ya geti,
"haiibiwi."