Nusu Kichwa

Redio ya fundi viatu ndiyo iliyoanza:
Ijumaa, saa sita usiku, mpaka wa Manyovu unafungwa.
Homa imeingia, haijulikani na nani,
haijulikani kwa mguu gani.
Nilikuwa kwenye mstari wa saba wa kichwa cha Dafroza,
chanuo mdomoni,
vidole vinateleza kwa mafuta ya mise,
na leo, jamani, leo ndiyo Ijumaa.

Miaka sita nimesuka Mwanga.
Nimesuka mabibi harusi, nimesuka wafiwa,
nimemsuka afisa wa uhamiaji mwenyewe,
akaniuliza kibali nikiwa nimemshika utosi.
"Ninacho," nikamwambia, "usitikise kichwa."
Siku hiyo nilikuwa nacho.

Mama yuko Mabanda, ng'ambo,
mwendo wa asubuhi moja kama mpaka umeamka vizuri.
Juzi alinipigia: kuku ametaga,
mvua bado, mguu unauma kidogo.
Mama yangu akisema kidogo
ujue hatoki kitandani.

Nikapiga hesabu kama mtu anayezima moto:
kodi ya Bi Mayasa, siku kumi na moja zimebaki, zake;
jiko la mkaa, la jirani;
muuza migebuka ananidai elfu nne,
mimi namdai Stamili elfu saba,
nikawakutanisha kwa simu wamalizane,
elfu tatu ya juu nikasamehe.
Miaka sita ikaingia kwenye mfuko mmoja wa salfeti.
Kilichoniuma ni kwamba iliingia kirahisi.

Dafroza kimya.
Kesho wanakuja kumtolea mdogo wake mahari.
Upande wa kulia, misuko myembamba kama mistari ya daftari;
upande wa kushoto, nywele zimesimama
kama watu wanaosubiri kuitwa majina.
"Nimalizie twende kilioni," akasema,
"nusu saa tu, na gari utaliwahi."

Twende kilioni.
Nimeusuka mtindo huo mara ngapi bila kusikia jina lake.
Siku hiyo nililisikia.
Nikasema hapana. Si kwa mkono wangu, si wiki hii
ya watu kunawa mpaka viganja vinachanika,
ya salamu za viwiko.
Akanielewa. Kwao Kasulu, kwetu Mabanda,
asubuhi tunaulizana kwa neno lilelile, mwakeye,
na hakuna aliyewahi kuligongea muhuri.
Akajifunga kitenge, akanilipa kichwa kizima.
Nikamrudishia nusu.
Akakifunga kiganja changu juu ya zile noti:
"Hilo ni deni. Deni linamrudisha mtu."

Mwandiga. Bitale. Kalinzi penye kahawa,
wingu limeshuka mpaka kwenye migomba.
Manyovu foleni ilikuwa ndefu na ya kimya,
mbuzi tu ndio waliovuka wakipiga kelele.
Kijana wa afya akanielekezea kipimo kwenye paji,
nikasubiri namba yangu kama mtoto wa darasa la saba.
Thelathini na sita nukta nne.
Akaitazama mikono yangu, bado inang'aa mafuta.
"Kazi yako?"
Nasuka.
"Umeacha nini Kigoma?"
Sijui kama fomu ilikuwa na swali hilo
au alikuwa amechoka tu.
Nikajibu: kichwa.
Akaandika.

Leo ni wiki ya tano. Mama anafika hadi bombani
na kurudi, akipumzika mara moja tu.
Mpaka ungali umelala.
Dafroza hupiga akiwa na salio.
Mahari ilipokelewa, yeye alikaa na kitenge kichwani,
wakwe wakadhani ni heshima.
Wasusi wa Mwanga wanamwita, wanamshushia bei,
anawajibu kuna mtu anakuja.
Upande wa kulia umeanza kufumuka, anasema,
sasa pande zote mbili karibu zifanane,
na anacheka, halafu salio linaisha.

Chanuo lile nimelichomeka ukutani, juu ya dirisha.
Lina nywele zake mbili.
Sijalisafisha.